Waturuki na Watu wa Mlimani

Msomaji kijana, ukiamka alfajiri Nyeri, Karatina au Nanyuki, na mawingu hayajapanda, utauona Mlima Kenya umesimama na theluji yake kama mzee mwenye mvi. Urefu wake ni mita 5,199. Mbali upande wa kaskazini, ng'ambo ya Uhabeshi na ng'ambo ya nchi za Waarabu, uko mlima mwingine wenye theluji, uitwao Ağrı kwa lugha ya wenyeji wake na Ararati katika Biblia. Urefu wake ni mita 5,137. Tofauti ya milima hii miwili ni mita 62 tu, mwendo ambao mwanafunzi hodari huumaliza mbio kabla pumzi haijamwishia. Wazee wa Kikuyu waliomba wakielekea Kirinyaga. Na watu wengi duniani huamini kuwa safina ya Nuhu ilitua Ararati. Nchi yenye mlima huo wa pili ni Uturuki, na katika kurasa hizi nataka kukujulisha watu wake.

Huenda ukauliza: Waturuki wanatuhusu nini sisi tulio wakulima wa chai na kahawa chini ya mlima? Swali hilo nimeulizwa darasani mara nyingi. Wanafunzi wengine wameona tamthilia za Kituruki katika televisheni, nao hudhani kuwa kila Mturuki hukaa katika jumba kubwa la pwani na hushinda akilia kwa mapenzi. Wengine hawajui lolote ila jina. Kwa wote wawili jibu langu ni moja. Kumjua jirani ni haja, na kumjua aliye mbali ni elimu. Walakini elimu hiyo haimalizikii mbali. Mtu amwangaliaye mgeni kwa makini hurudi nyumbani kwake na macho mapya, akaona mambo aliyokuwa akiyapita kila siku bila ya kuyatazama.

Nchi ya Uturuki imekaa mlangoni pa mabara mawili. Sehemu yake kubwa, iitwayo Anatolia, imo Asia. Sehemu ndogo imo Ulaya. Na mji wake mkubwa, Istanbul, wenye watu zaidi ya milioni 15, umepasuliwa na mlango wa bahari uitwao Bosphorus, hata mtu aweza kula chakula cha asubuhi Asia akafika kazini Ulaya kwa mashua. Mji mkuu lakini ni Ankara, ulio katikati ya bara. Watu wa nchi nzima ni kama milioni 85. Wengi wao ni Waislamu, lakini sheria za nchi si sheria za dini. Wala wote si Waturuki kwa asili: wamo Wakurdi kwa mamilioni, na wamo wengineo.

Ikiwa umepata kusoma Biblia, basi umekwisha kutembea katika nchi hiyo bila ya kujua. Tarso alikozaliwa mtume Paulo iko huko. Efeso na Galatia ziko huko. Antiokia, ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, ni mji wa Antakya wa leo. Na makanisa yote saba ya kitabu cha Ufunuo yalikuwa katika ardhi hiyo. Waturuki walifika baadaye wakitoka Asia ya kati. Mwaka 1453 sultani wao Mehmed wa Pili aliuteka mji wa Konstantinopoli, ambao ndio Istanbul, na milki yao ikaenea katika Asia, Afrika na Ulaya. Milki hiyo ilidumu hata mwaka 1922 usultani ulipofutwa, na tarehe 29 Oktoba 1923 Uturuki ikawa jamhuri chini ya Mustafa Kemal, ambaye baadaye alipewa jina la Atatürk, maana yake Baba wa Waturuki.

Mkono wa milki hiyo uligusa pwani yetu pia. Nahodha mmoja wa Kituruki, Mir Ali Bey, alishuka katika miji ya Waswahili mara mbili, mwaka 1585 hadi 1586, na tena mwaka 1588 hadi 1589. Miji kadhaa iliyochoshwa na Wareno ilimpokea kwa furaha. Lakini mwaka 1589 Wareno walimshinda Mombasa, wakamchukua mateka hata Lisbon. Hofu waliyoipata haikuwatoka. Na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, ngome ile ile ambayo wanafunzi wa Nyeri huenda kuitazama katika ziara za shule. Mturuki hakuliweka hata jiwe moja la ngome hiyo, lakini ni mmoja wa waliosababisha ijengwe.

Kadhalika katika maneno. Mwitapo askari wa polisi 'afande', mnatumia neno la Kituruki, efendi, yaani bwana. Neno hilo lilikuja na askari wa Sudani waliofundishwa katika jeshi la Misri, ambalo vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki, nao wakaingizwa katika majeshi ya Waingereza huku kwetu mwishoni mwa karne ya 19. Neno letu 'balozi' nalo lilipita katika vinywa vya Waturuki, ambao walimwita hivyo mjumbe wa mji wa Venice aliyekaa kwao. Yako pia maneno ambayo sisi na wao tuliyachota katika visima vya Waarabu na Waajemi. Jua tu kwamba herufi c katika Kituruki husomwa kama j yetu, na ç husomwa kama ch. Kisha soma maneno haya: kitap, kalem, saat, dakika, haber, dünya, sabun, bamya, çay, fincan. Nadhani huhitaji mwalimu wa kukufasiria.

Hata muundo wa lugha yenyewe una udugu wa tabia, ijapokuwa hauna udugu wa damu. Kiswahili husema kwa neno moja 'nitakuandikia', Kiingereza kikahitaji maneno matano. Kituruki nacho hushona neno juu ya neno, ila hushona mkiani badala ya kichwani: ev ni nyumba, evler ni nyumba nyingi, evlerimiz ni nyumba zetu, evlerimizde ni katika nyumba zetu. Na kama vile katika Kikuyu na Kiswahili, Mturuki hana neno moja kwa mwanamume na jingine kwa mwanamke anaposema 'yeye'. Neno lake ni o kwa wote.

Sasa tuje kwenye chai, maana hapo ndipo watu wa Mathira na Othaya wanapoweza kuketi na Waturuki pasipo mkalimani. Katika mwambao wa Bahari Nyeusi, katika mkoa wa Rize, vilima huteremka hata baharini vikiwa vimevaa chai kama vilima vyetu, na mvua yao ni nyingi kama yetu. Kilimo hicho hakikuwa cha kale kwao. Milki yao ilipoanguka walipoteza Yemeni iliyowapa kahawa, na kahawa ikawa ghali. Serikali ya jamhuri ikawahimiza watu wa Rize kupanda chai, na mwaka 1947 kiwanda cha kwanza kikafunguliwa huko. Miaka kumi baadaye, mwaka 1957, kiwanda cha Ragati kilifunguliwa katika Mathira kwa ajili ya chai ya wakulima wadogo, cha kwanza cha namna hiyo katika Kenya. Basi viwanda hivi viwili ni kama ndugu waliopishana umri kidogo. Tofauti ni kwamba sisi huchuma mwaka mzima majani mawili na chipukizi, nao huchuma toka Mei mpaka Oktoba, kwa kawaida mara tatu, kwa sababu baridi yao huilaza michai. Na wengi hukata kwa mkasi wenye mfuko.

Chai yao haina maziwa. Hupikwa katika birika mbili zinazopandana: ya chini ina maji yanayochemka, ya juu ina majani yanayoiva polepole kwa mvuke. Humiminwa katika bilauri ndogo yenye kiuno, ikachanganywa na maji kwa kadiri ya mnywaji, na sifa ya chai njema kwao ni kuwa nyekundu kama damu ya sungura. Mnywaji huongezewa bila ya kuulizwa, mpaka atakapolaza kijiko juu ya bilauri, na hiyo ndiyo ishara kuwa ametosheka. Kwa wastani kila mtu hutumia zaidi ya kilo 3 za majani kwa mwaka, na mataifa yawapitayo kwa jambo hilo ni shida kuyapata. Hata hivyo kahawa hawakuiacha. Huichemsha pamoja na unga wake katika chombo kidogo chenye mkono mrefu, na husema kwamba finjani moja ya kahawa hukumbukwa miaka 40. Wewe ambaye wazazi wako huchuma kahawa, fikiri: yako mahali duniani watu wanaohesabu kuwa finjani moja ni deni la nusu ya maisha.

Usikivu huo kwa wema wa mtu mwingine umo katika salamu zao zote. Wampitapo mtu aliye kazini husema kolay gelsin, yaani kazi na ikujie nyepesi, na hapo bila shaka umekumbuka 'pole na kazi' yetu. Aliyepika huambiwa elinize sağlık, afya kwa mikono yako. Mgonjwa au aliyepatwa na msiba wa mali huambiwa geçmiş olsun, na yawe yamepita. Maneno hayo yalisemwa na dunia nzima tarehe 6 Februari 2023, tetemeko la ardhi lilipoivunja Antakya na miji mingine ya kusini, wakafa watu zaidi ya 50,000 katika Uturuki peke yake. Mtu mkubwa asiye ndugu huitwa kaka au dada, ami au mama mdogo, kama desturi ya kwetu. Viatu huvuliwa mlangoni. Mgeni ajaye bila taarifa huitwa mgeni wa Mungu. Na juu ya ujirani wana methali kwamba jirani humhitaji jirani hata kwa majivu yake. Nani aliyelelewa kijijini, akatumwa kuomba kaa la moto nyumba ya pili, asiyeielewa methali hiyo?

Mambo haya mengi nisingeyajua kwa vitabu tu. Miaka michache iliyopita Mturuki mmoja, mwalimu wa jiografia na mzaliwa wa upande wa Rize, alikuja kuupanda Mlima Kenya. Aliposhuka kwa njia ya Naro Moru alitaka kuona chai yetu inavyochumwa, na rafiki yangu aliyemwongoza mlimani akamleta kwangu. Nikamchukua mpaka Mathira, nyumbani kwa nyanya yangu, ambaye wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka 80 na bado alikagua michai yake kila asubuhi. Siku hiyo alikuwapo pia mtoto wa dada yangu, msichana wa kidato cha tatu, aliyetoka Nairobi kwa likizo.

Mgeni alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Kisha akainama, akaushika mkono wa nyanya, akaubusu, akauweka juu ya paji la uso wake. Hiyo ndiyo heshima ya Waturuki kwa wazee, na siku za sikukuu watoto wao hupita nyumba kwa nyumba wakiwafanyia wazee hivyo na kupewa peremende. Nyanya hakuwa amepata kufanyiwa jambo hilo maishani mwake. Alinyamaza kidogo. Halafu akajitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wa Kikuyu wafanyavyo wanapobariki, akamwombea safari njema. Mturuki hakujua maana ya mate yale, wala nyanya hakujua maana ya busu lile. Lakini kila mmoja alijua kwamba amepewa heshima.

Tuliketi tukaletewa chai iliyochemshwa pamoja na maziwa. Mgeni aliinywa kwa adabu, ingawa niliona kuwa roho yake iliitamani ile ya rangi ambayo vijana wa kwetu huiita strungi. Nyanya aliuliza kama kwao kuna mlima. Nikafasiri. Mgeni akasema uko, una theluji, na watu husema safina ya Nuhu ilisimama hapo. Nyanya, ambaye hakosi kanisani, alicheka hata machozi yakamtoka, akasema, "Basi ametoka kwa Nuhu! Mwambie hawezi kuondoka kabla ya kula."

Kisha akamgeukia kitukuu chake, akamwambia kwa Kikuyu maneno machache. Msichana akamtazama, akatabasamu, halafu akanitazama mimi.

"Mjomba, cucu anasema nini?"

Nyanya alikuwa amesema kwamba mgeni ni mto, yaani hupita wala hakai. Basi amwulize mgeni lolote atakalo kujua maadamu yupo. Nikafasiri na hayo. Na hapo nikatambua kwamba katika chumba kile nilikuwa mkalimani wa wageni wawili: mmoja ametoka Rize, wa pili ametoka Nairobi, na wa pili ni damu ya mwenye nyumba.

Mturuki aliliona jambo hilo. Tuliporudi barabarani jioni aliniita Hocam, yaani mwalimu wangu, kama walimu wa kwao waitanavyo, akaniambia, "Katika kijiji chetu liko kaburi la babu wa babu yangu, na jiwe lake lina maandishi mazuri. Nilisimama mbele yake nikiwa nimekwisha kupata shahada, nisiweze kusoma jina lake."

Yafaa nieleze sababu. Kituruki kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1928 sheria iliamuru herufi za Kilatini, 29 kwa hesabu, na mara tu mwaka 1929 ulipoanza watu wazima wakaingizwa madarasani kujifunza upya. Mustafa Kemal mwenyewe alisimama mbele ya ubao akifundisha. Faida haikanushiki. Mwaka 1927 waliojua kusoma walikuwa karibu mmoja tu katika kila watu kumi. Leo ni nadra kumpata kijana wa Kituruki asiyejua. Lakini faida hiyo ilinunuliwa, na bei yake ni kwamba barua za babu, na majina yaliyo juu ya makaburi, yamekuwa fumbo kwa wajukuu, ila kwa wachache waliosomea herufi za zamani. Kiswahili nacho kimepita njia inayofanana na hiyo. Kiliandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, na miongoni mwa waliokiandika kwa Kilatini mapema ni Krapf, mmisionari yule yule aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849. Zile hati za kale za Lamu na Pate ni wangapi kati yetu wawezao kuzisoma?

Mimi siwalaumu Waturuki. Walipima, wakachagua, wakalipa, na walichokilipia wamekipata. Ninalotaka uone, msomaji, ni kwamba hasara ya mpwa wangu haikuletwa na sheria yoyote, wala haikumnunulia kitu. Kiingereza chake ni kizuri na Kiswahili chake kinatosha. Lakini hakuna hata neno moja la lugha hizo ambalo lingalipungua kama angalijua Kikuyu pia. Kichwa cha mtoto si kibuyu ambacho kikijaa maji lazima uziwa umwagwe. Wazazi waliomnyima lugha ya nyanya hawakumnyima kwa ubaya. Walidhani kwamba wanamfungulia mlango, wasione kuwa mlango mwingine unafungika nyuma yake.

Wala sisemi kwamba mtu ashike vya kwao awadharau wengine. Mgeni wetu aliyafahamu ya kwao vyema, na kwa sababu hiyo aliweza kuinama mbele ya mzee wa nchi nyingine bila ya kujiona mdogo. Ajuaye thamani ya salamu ya nyumbani huheshimu salamu ya ugenini. Asiyekuwa nayo hana kipimo cha kupimia. Siku hizi mpwa wangu huketi na nyanya kila likizo, na daftari lake la maneno limejaa kurasa 14. Nyanya humsahihisha bila huruma.

Basi jifunze Waturuki, na baada yao jifunze Wahindi, Wajapani na Wabrazili, kwa maana dunia ni pana na umri wako ni mwingi bado. Lakini likizo ijayo, kabla hujafungua kitabu cha nchi nyingine, nenda ukaketi karibu na mzee wa kwenu. Mwombe akutajie maneno kumi usiyoyajua: jina la mto ambao sasa una jina jingine, jina la mti uliokatwa, jina la babu wa babu yako. Yaandike kwa mkono wako, katika herufi unazozijua, maadamu yupo wa kukueleza maana yake.